Gemu Tano za Fantasia za Kununua kwa Anayetaka Adui wa Kukumbukwa

Hapa Lamu mtoto humjua Fumo Liyongo kabla hajajua kusoma. Upanga haumwingii, mkuki haumwingii, kifo chake kimo katika kitu kimoja tu: sindano ya shaba ya kitovuni. Muulize mtoto huyo ni nani katika kisa kile anayemtia uchungu. Hatakutajia mfalme wa Pate aliyetaka Liyongo afe. Atakutajia mwana, aliyeahidiwa binti wa mfalme, akaenda kumuuliza babake siri yake, kisha akangoja alale.

Adui wa gemu nampima kwa kipimo hicho. Awe na sababu, awe amepoteza kitu, na kwa njia fulani awe anakuhusu wewe. Pembe ndefu na sauti nzito hazinitoshi. Gemu hizi nimezipanga hivyo, kisha nikauliza swali la pili ambalo mnunuzi wa huku hawezi kulikwepa: mashine uliyonayo na bando unaloweza kulipia, vitaibeba?

Neno kuhusu elfi wa giza, maana wengi wanaoniuliza huwataka hao. Elfi ni viumbe wa hadithi za Ulaya, wenye masikio yaliyochongoka na umri wa mamia ya miaka. Elfi wa giza ni jamaa zao walioasi au waliolaaniwa. Katika ulimwengu wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, huitwa drow: ngozi nyeusi, nywele nyeupe, miji chini ya ardhi, wanawake ndio watawala, na mungu wao ni Lolth, malkia wa buibui. Kuna jambo hapa linaloniuma. Kwa miaka mingi kabila zima lenye ngozi nyeusi liliandikwa kuwa ovu tangu tumboni, na mtu wa pwani hii hawezi kulipita hilo akanyamaza. Mwaka 2020 wenye mchezo huo, Wizards of the Coast, walitangaza kwamba wanaachana na kuwaonyesha drow na orki, viumbe wengine wa hadithi hizo, kama jamii zenye uovu wa asili. Gemu nilizoziweka juu ni zile ambamo elfi wa giza ni watu, wana wema wao na wabaya wao na ugomvi wao wa ndani.

Kabla ya kutoa pesa

Wengi wetu tuna kimoja kati ya vitatu: simu ya Android, laptopu ya mitumba, au mashine ya gemu ya PS4 iliyopita mikono miwili mitatu. Chumvi ya bahari haina huruma na vyuma. Ukinunua PS4 ya mitumba Malindi au Mombasa, chungulia tundu la HDMI, la waya wa runinga, kwa tochi ya simu, na ukiona kutu ya kijani, iache. Iwashe, icheze nusu saa mbele yako, usikilize feni. Ukifika nayo nyumbani usiitie ndani ya kidaka cha ukutani, hata kama inapendeza pale. Haipati pumzi.

Kwa laptopu, duka la mtandaoni ninalolipendekeza kwanza ni GOG. Ukinunua huko unapata faili la kusakinisha unaloweza kulihifadhi kwenye flashi, na ukishasakinisha, gemu haikuulizi intaneti. Kwetu, ambako kuta za matumbawe hukata mtandao ukiingia tu ndani, hilo lina thamani kubwa. Unapakua mara moja kwa rafiki mwenye waifai, unarudi kwa boti ya Mokowe na flashi mfukoni. GOG hukupa siku 30 za kurudishiwa pesa. Steam, duka jingine la mtandaoni, huangalia mambo mawili: hazijapita siku 14 tangu ununue, na umecheza chini ya saa 2. Kadi ya M-Pesa GlobalPay inakutosha kulipia, ila angalia kiwango cha dola siku hiyo kabla hujabonyeza.

1. Baldur's Gate II: Enhanced Edition

BioWare waliitoa mwaka 2000, na toleo hili lililorekebishwa na Beamdog ni la 2013. Picha zake ni za kizamani, unaitazama dunia kutoka juu kama mtu aliye darini akitazama uchochoro. Usiikimbie kwa hilo.

Unaamka ndani ya kizimba. Mwanamume aitwaye Jon Irenicus amekuwa akikutesa, tena bila hasira. Anakufungua kama fundi anavyofungua redio. Sauti yake ni ya mwigizaji wa Uingereza David Warner, tulivu na iliyochoka, na mpaka leo nikiisikia mwili unanisisimka. Fujo inazuka, unapata upenyo wa kutoroka, na hapo gemu inakufanyia jambo ambalo sijaliona kwingine. Katikati ya shimo lile la mateso, baada ya matangi yenye viumbe waliohifadhiwa nusu hai, unafungua mlango na kukuta chumba cha kulala cha mwanamke. Kitanda kimetandikwa. Kila kitu kiko mahali pake, na hakuna anayelala humo. Chumba kimetegwa mitego. Unabaki kujiuliza: mtu kama huyu ana nani wa kumtunzia kitanda?

Jibu linakuja saa nyingi baadaye, na sitakumalizia utamu. Itoshe kusema Irenicus alikuwa elfi aliyependwa na malkia wake, akatamani uungu, akafukuzwa na kunyang'anywa kile kilichomfanya elfi. Anajua kwamba aliwahi kupenda. Kuhisi hawezi tena. Chumba kile ni jaribio lake la kukumbuka, na utakapojua amekuja kukuibia nini, utaelewa kwa nini amekuchagua wewe.

Kisha kuna Ust Natha, mji wa drow. Joka wa fedha, Adalon, ameibiwa mayai yake, naye anawageuza sura wewe na wenzako muonekane drow ili mkamrudishie. Kuanzia hapo kila anayekusemesha ni mtihani. Ukijibu kwa upole unashukiwa. Binti wa nyumba kubwa, Phaere, anakuamuru umuue askari aitwaye Solaufein, na mara ya kwanza nilimuua, nikidhani hakuna njia nyingine. Kumbe ukizungumza naye vizuri anakupa joho lake ulipeleke kama ushahidi, naye anatoweka. Nilirudi nyuma karibu saa mbili za mchezo kulisahihisha kosa lile, na sikuona hasara.

Bei ni kama dola 20, na kwenye punguzo hushuka sana. Ipo pia ya Android, kwa hiyo asiye na laptopu hajaachwa nje, ingawa maandishi kwenye simu ni madogo na tableti inafaa zaidi. Kiingereza chake ni kingi na kizito. Weka kamusi karibu.

2. The Elder Scrolls III: Morrowind

Kampuni ya Bethesda, 2002. Chukua toleo la Game of the Year, lenye nyongeza zake mbili, Tribunal na Bloodmoon. Linahitaji gigabaiti 1 tu ya nafasi. Gigabaiti moja! Hilo ni bando la siku, na laptopu ya mitumba ya kawaida italiendesha bila kutoa jasho.

Hapa elfi wa giza, Dunmer, ndio wenye nchi. Ngozi yao ni ya rangi ya majivu na macho mekundu. Wewe unashushwa merikebuni katika kijiji cha Seyda Neen, mfungwa aliyeachiliwa, na tangu siku hiyo unaitwa mgeni. Sisi tuna neno letu kwa mtu wa namna hiyo, mja na maji, na yeyote aliyewahi kuitwa hivyo, au aliyemwita mwenzake, ataelewa. Dunmer wana kinyongo cha haki na dola ya kigeni iliyowaletea sheria zake. Wakati huohuo wao wenyewe wanamiliki watumwa katika mashamba yao, na gemu haifichi upande wowote. Mashamba ya Malindi yalilimwa na watumwa katika karne ya 19. Sehemu zile nilizicheza polepole.

Adui ni Dagoth Ur, aliyekuwa swahiba wa Nerevar, shujaa ambaye unabii unasema amezaliwa upya ndani yako. Anakaa chini ya Red Mountain, mlima wa moto, uso nyuma ya kinyago cha dhahabu. Badala ya jeshi anakutumia ndoto. Unalala, unaota, unaamka na jina lake kichwani, na mitaani unaanza kukutana na watu waliokwisha kuingiwa na ndoto hizohizo. Siku unayofika mbele yake anakuuliza maswali na kuyajibu yako, kama watu wawili waliokosana zamani na kila mmoja bado ana la kusema. Nani alimuua Nerevar? Vitabu vilivyomo ndani ya gemu vinapingana, na hakuna mahali inapokuamulia.

Wengi huiacha saa ya kwanza kwa sababu upanga wao haumpigi mtu. Siri ni mbili: tumia silaha ambayo mhusika wako ameisomea, na usiingie vitani ukiwa umetoka kukimbia, maana uchovu hukukosesha shabaha. Ramani haikuonyeshi mshale wa kufuata. Unaelekezwa kwa maneno, fuata mto, ukifika penye daraja pinda, kama mtu anayetafuta nyumba mtaa wa Mkomani hapa Lamu.

3. The Witcher 3: Wild Hunt, yenye nyongeza zote

Hii ni ya mwenye PS4. CD Projekt Red wa Poland waliitoa 2015. Wild Hunt ya jina lake ni wapanda farasi wa mifupa wanaopita angani, nao ni elfi kutoka ulimwengu mwingine, lakini mkuu wao, Eredin, haongei vya kutosha kukukaa moyoni. Anayekaa yumo katika nyongeza ya Hearts of Stone: Gaunter O'Dimm, muuza vioo. Unakutana naye mapema kabisa, mtu mpole mkahawani anayekusaidia bila kudai kitu. Baadaye, mkahawa mwingine, mlevi anamkatiza maneno. O'Dimm anapiga kofi, watu wote wanaganda, anachukua kijiko cha mbao na kumwendea yule mlevi taratibu, huku akiendelea kuzungumza nawe. Ombi analokutimizia hulitimiza neno kwa neno, na maangamizi yako yamo humohumo. Aliyelelewa na visa vya watu waliofanya mapatano na majini hatahitaji kufafanuliwa.

Soma jalada kabla ya kulipa. Mimi niliuziwa diski ya mitumba nikaambiwa kila kitu kimo, kumbe ilikuwa ya mwanzo ya 2015, isiyo na Hearts of Stone. Tafuta iliyoandikwa Game of the Year Edition au Complete Edition. Igeuze diski kwenye mwanga uone mikwaruzo. Na ujue ina uchi na damu nyingi: ni ya watu wazima, haifai kuchezwa sebuleni mbele ya mama na wadogo zako.

4. Baldur's Gate 3

Kwa ubora ingeweza kushika nafasi ya pili. Larian wa Ubelgiji waliitoa 2023, na ndani yake yumo Minthara, drow anayeongoza mauaji kwa imani thabiti, ambaye ukiweza kumtoa katika minyororo ya wale waliomtawala akili utagundua mtu mwenye heshima yake. Yumo pia Ketheric Thorm, kwa sauti ya J.K. Simmons, baba aliyefiwa na binti na kuifanya nchi nzima ilipe. Nimeishusha kwa sababu ya gharama. Bei yake kamili ni dola 60, inataka gigabaiti 150 na diski ya kasi aina ya SSD, na kwenye PS4 haipo. Ina uchi pia, ingawa mipangilio inakuruhusu kuuficha.

5. Neverwinter Nights: Enhanced Edition

Ndani yake nenda kwenye kampeni ya Hordes of the Underdark, ya 2003. Malkia wa drow anayejiita Valsharess anajiona mtawala wa chini ya ardhi, na hajui mfungwa anayemweka minyororoni ni nani hasa. Nzuri, fupi kuliko zilizotangulia, na laptopu ya wastani inatosha.

Huwa naulizwa kuhusu Skyrim, gemu ya baadaye ya mfululizo huohuo wa The Elder Scrolls, maana diski zake za PS4 ni rahisi kupatikana. Kwa ajili ya adui usiinunue. Alduin ni joka anayenguruma, basi. Lakini ukiipata kwa bei ya chini, ichukue, na ukifika mji wa Windhelm usikimbilie kwa mtawala. Ukishaingia langoni utamkuta mwanamke wa Kidunmer amesimama kwenye theluji, wanaume wawili wanamfokea arudi kwao. Kwao ni nchi ya Morrowind, na Red Mountain ulishalipuka. Simama umsemeshe, kisha mfuate mpaka Gray Quarter, mtaa ambamo watu wake wamesongamana.