Kibebeo cha baiskeli juu ya gari: kabla ya kukinunua, tazama kinapokaa

Vibebeo viwili ninavyovieleza hapa vilinunuliwa katika duka moja la vifaa vya magari lililoko Eneo la Viwandani, Nairobi, kwa shilingi 11,500 kila kimoja, na vimefungwa juu ya Toyota Fielder yenye reli za paa. Ni vya ile aina inayobeba baiskeli ikiwa imesimama wima kwa magurudumu yake yote mawili: kuna mfereji mrefu wa alumini ambamo magurudumu hukaa, mkono wa chuma unaoinuka kushika fremu, na mikanda miwili ya plastiki yenye meno ya kufungia magurudumu. Chapa yake haina jina kubwa, nami sitaitaja, wala duka lenyewe sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko mawili matatu ambayo wenyewe nimekwisha kuwapelekea.

Lalamiko la kwanza ni kwamba muuzaji hakuuliza kibebeo kinakwenda kufungwa juu ya gari gani. Hilo ndilo swali linalopaswa kutangulia bei, maana kibebeo hakikai juu ya bati la paa, bali hukaa juu ya vyuma viwili vya kukingama, na vyuma hivyo vikiwa hafifu, hata kibebeo cha bei ghali kitayumba navyo. Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika Japani, na mapaa yake hayafanani. Lenye reli zilizoinuka, ambazo mtu anaweza kupitisha vidole chini yake, ndilo rahisi kuliko yote. Lenye reli zilizolala juu ya bati huhitaji miguu ya umbo lake maalumu. Lisilo na reli kabisa, kama Premio au Vitz, huhitaji vishikio vinavyong'ang'ania ukingo wa mlango, navyo ni lazima vitengenezwe kwa kufuata umbo la gari hilo hasa. Anayekuambia kwamba hivi vyake huingia gari lolote anataka kumaliza mzigo dukani. Kwenye vyuma na miguu yake ndiko ningemshauri mtu amwage fedha zake, kisha kinachobaki ndicho kinunuliwe kibebeo.

Vyuma vyenyewe viwe na nafasi ya sentimita 60 hadi 70 kati yake, au zaidi ikiwa paa linaruhusu, kwa kuwa vikikaribiana mno baiskeli huanza kuinamia mbele kila dereva anapokanyaga breki. Uzito nao una mpaka. Magari mengi madogo huruhusiwa kubeba juu ya paa kati ya kilo 50 na 100, na kiasi hicho hujumlisha vyuma, vibebeo na baiskeli zenyewe. Kwa baiskeli mbili za mlimani za kilo 14 kila moja, vibebeo viwili vya kilo 4 na vyuma vya kilo 5, jumla ni kilo 41, na hakuna neno. Ukiongeza ya tatu na ya nne, hesabu inabadilika upesi. Kiasi kamili kimeandikwa katika kitabu cha gari, ambacho kwa magari yetu aghalabu ni cha Kijapani, lakini nambari za kilo husomeka kwa lugha yoyote.

Sanduku la vibebeo hivi linasema kila kimoja kinabeba kilo 15. Basi Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma inayobeba maziwa na magunia vijijini, isipandishwe humu, wala baiskeli ya umeme isipandishwe, hata ikiwa imetolewa betri, kabla haijapimwa kwenye mizani.

Kupakia ndiko kunakoonyesha ubora au ubovu wa kifaa, na hapa nimeridhika kuliko nilivyotarajia. Mkono wa kushika fremu huinuliwa kwanza na mikanda yote miwili hufunguliwa kabla ya baiskeli kuondoka chini, kwa sababu ikishapanda mpakiaji hubaki na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Chupa ya maji, pampu, taa, mkoba wa chini ya kiti na kiti cha mtoto huingia ndani ya gari. Upepo wa barabara kuu hauna subira na kitu kilichoshikizwa kwa klipu. Taya za mkono hushika lile bomba linaloshuka kutoka usukani hadi kwenye pedali, na ni muhimu kutazama kwamba hazikubana waya wa breki uliopita chini ya bomba hilo, jambo ambalo kwenye taya hizi pana hutokea kwa urahisi. Mikanda hupita juu ya tairi na rimu, ikavutwa jino baada ya jino, wa nyuma kwanza, kisha wa mbele. Baada ya hapo mtu aishike baiskeli kwenye kiti na kuitikisa kwa nguvu: gari zima likiyumba pamoja nayo, imekaa, baiskeli ikicheza peke yake huku gari limetulia, kuna kitu hakijakazwa, na mara nyingi ni nati za mfereji wala si taya.

Nati hizo hulegea katika kilomita za mwanzo baada ya kufungwa. Kwenye safari ya Naivasha, mahali pazuri pa kusimama na kuzikaza ni pale ukingoni mwa Bonde la Ufa wanapouza ngozi za kondoo, kwa kuwa baada ya hapo barabara inateremka na upepo wa bondeni huanza kulisukuma gari kutoka ubavuni. Spana ikae mlangoni, isizikwe chini ya mizigo ndani ya buti.

Wenye baiskeli za kaboni ningewazuia wasinunue kifaa hiki. Kitasa chake cha kukazia hakina kikomo, hivyo mtu mwenye mikono ya nguvu anaweza kuliminya bomba mpaka nyuzi za ndani zipasuke bila rangi ya juu kuonyesha chochote. Thule ProRide 598, ya kampuni ya Uswidi, ina kitasa kinachoacha kukaza chenyewe kinapofikia kiasi kilichowekwa, na hubeba baiskeli ya hadi kilo 20. Ni ghali zaidi, na tofauti hiyo ya bei inaeleweka. Njia nyingine kwa kaboni ni kibebeo kinachoshika uma wa mbele baada ya gurudumu kutolewa, ambacho hakigusi fremu hata kidogo na hupunguza kimo cha mzigo. Lakini ekseli hutofautiana, kuanzia zile za zamani za milimita 9 hadi za milimita 12 na 15, na kila moja hudai kiunganishi chake. Breki za diski nazo huhitaji kipande cha plastiki kati ya pedi zake gurudumu likiwa halipo, la sivyo mtoto akiubonyeza mkono wa breki, pedi hukutana na huwa kazi kuzitenganisha.

Tukirudi Nairobi, adui mkubwa wa baiskeli iliyo juu ya gari si mwendo kasi bali ni kimo. Fielder ina kimo cha karibu mita moja na nusu. Ukiongeza vyuma, mfereji na baiskeli hadi kwenye usukani, unafika takriban mita 2.7, ilhali milango ya maegesho ya chini ya ardhi katika majengo ya maduka huwa na mita mbili na kidogo. Dereva aliyezoea kuingia humo kila Jumamosi huingia kwa mazoea, na kinachoumia si baiskeli peke yake, kwani ule mkono wa chuma huligeuza bati la paa kama mfuniko wa kopo la maziwa. Karatasi iliyobandikwa juu ya dashibodi yenye kimo kilichoandikwa kwa wino mzito inatosha kabisa. Matawi ya miti katika mitaa ya Karen na Lavington yatazamwe vivyo hivyo, na matuta yavukwe polepole, kwa sababu kila tuta hutikisa mkono na vyuma kuliko kilomita nyingi za lami laini. Kwenye barabara kuu, kilomita 80 kwa saa zinatosha.

Kelele zipo: kuanzia mwendo wa kilomita 60, mifereji mitupu hupiga mluzi unaochosha, na mafuta huisha upesi zaidi. Huteremshwa kwa dakika chache, basi iteremshwe.

Kufuli ndilo lalamiko langu la mwisho. Kila kibebeo kina kufuli dogo kwenye kitasa, na ufunguo wa kimoja ulifungua cha pili bila tabu; sitashangaa ukifungua na cha jirani. Kufuli hilo humzuia mpita njia wakati wa kulipa mafuta, basi. Ukikaa kula, mnyororo imara upite ndani ya fremu zote mbili na kuzunguka chuma cha kukingama.

Kwa familia inayokwenda msitu wa Karura au vilima vya Ngong kila wiki, na yenye baiskeli za alumini au chuma chepesi, vibebeo hivi nawapendekezea, nikivipa alama saba kwa kumi. Anayekwenda Hell's Gate mara moja kwa mwaka asijisumbue, kwa kuwa baiskeli za kukodi zinapatikana karibu na lango la hifadhi, na Karura pia zipo. Atakayenunua adai mikanda ya akiba kabla ya kutoa pesa: yangu ilikuwa mifupi kwa matairi mapana, na duka lilichukua wiki kadhaa kuniletea mirefu.