Nilikodi lenzi ya kilo mbili pale tao, nikaibeba hadi Nairobi Park na Bissil

Wacha nianze na pesa maana ndio kila mtu ananiuliza. Elfu tatu mia tano kwa siku, dipositi elfu ishirini, kitambulisho wanakipiga picha wanakurudishia papo hapo, unalipa M-Pesa. Nilichukua Ijumaa jioni nikarudisha Jumatatu asubuhi na wakanihesabia siku mbili tu, kwa sababu ukichukua baada ya saa kumi hiyo siku haihesabiwi. Hapo sina neno.

Jina la duka naliacha, mkifika chini mtaelewa. Ni zile duka za ghorofani Moi Avenue, unapita kwa stoli za simu, unapita kwa wigi, lifti inatengenezwa (ilikua inatengenezwa pia mwaka jana), unapanda kwa miguu hadi ya nne, unakuta grili na kengele.

Nilichokua nataka ni ile Sigma 150-600, ile wanaita Contemporary, lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali (hizo namba ni milimita, ikiwa kubwa inavuta zaidi). Mpya inapita laki moja na mimi ni mtu wa harusi na ruracio, wanyama napiga labda mara mbili tatu kwa mwaka, sasa laki na kitu ikae kwa kabati ifanye nini, imee ukungu? Kwa hivyo nakodi. Bodi yangu, yaani kamera yenyewe, ni Canon 80D ya mitumba, sensa yake ni ile ndogo inazidisha kwa 1.6, yaani 600 inakua kama 960 hivi. Hapo ndio watu hudanganyika, wanadhani ukiwa na 960 simba atakuja mwenyewe.

Dada wa kaunta hakunipa lenzi. Aliniuliza kwanza, "Unaenda kupiga nini?" Nikamwambia wanyama. "Wanyama wapi?" Nairobi Park Jumamosi, halafu Jumapili nashuka kwa kina rafiki yangu karibu na Bissil kule Kajiado, boma yao, nipige picha za ng'ombe wakirudi jioni na wazee wakikubali. "Una tripodi?" Ninayo. "Ya nini sasa na utakua ndani ya gari?" Nikanyamaza. Akaniambia nenda nyumbani utafute foronya ya mto, jaza maharagwe kilo mbili, funga, weka kwa dirisha la gari, lenzi ilale hapo juu kama mtoto. Nilidhani ananichezea.

Halafu akatoa kitu sikuuliza, ile 50mm ndogo ya f/1.8 (hiyo namba ya f ikiwa ndogo lenzi inaingiza mwanga zaidi), akaniwekea kwa begi. "Hii sitakulipisha. Kule kwa boma hiyo kubwa iache kwa gari, utapiga watu kama unawavizia." Moja ina gramu 1,930, nyingine ina kama 160. Nikachukua tu kwa heshima, moyoni nasema hii itarudi haijatoka kwa pochi.

Kabla hujatoka pale, na hii nawaomba mnisikize vizuri, kagua. Mimi huwasha tochi ya simu nikamulika kutoka nyuma ya lenzi nikiangalia kwa mbele, ukungu unaonekana kama nyuzi za buibui kwenye kioo, na vumbi linaonekana kama nukta, nukta kadhaa si shida, nyuzi kataa. Angalia vile vidoti vya shaba pale inapogusana na kamera visiwe na kutu. Zungusha pete usikie kama kuna mchanga. Halafu piga picha kitu cha mbali, mimi nilifungua dirisha lao nikapiga madirisha ya ule mnara wa mviringo wa iliyokua Hilton, nikavuta kwa skrini kona zote nne, safi. Mwisho nikachukua video ya simu, lenzi nzima, mbele nyuma, namba yake, na filta, kile kioo cha kufungwa mbele ya lenzi, ambayo ilikua na mkwaruzo mfupi upande wa chini, na dada akiwa hapo anasema, "Ndio, huo mkwaruzo tunaujua." Hiyo video wekeni akilini.

Jumamosi. Park inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na mimi nilikua Langata geti saa kumi na mbili kasoro, nimeshalipa usiku kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, kwa sababu pale getini mtandao unaeza kukuaibisha mbele ya watu. Kwa wenye hawajaenda tangu safari ya shule, hii park ni ya 1946, ni kilomita za mraba 117, fensi iko pande tatu na kusini iko wazi wanyama wanaingia na kutoka kuelekea nyanda za Athi-Kapiti. Ndovu hakuna, msiende mkitafuta ndovu mkirudi mnalalamika. Faru weusi wapo, na wanaonekana.

Saa ya kwanza ni ngumu na hiyo lenzi, nisidanganye. Ukiivuta hadi 600 mdomo wake unaishia f/6.3, mwanga ni kidogo, na kwa urefu huo mkono ukitikisika nywele moja picha imeenda, unahitaji shata ya sekunde 1/1000 ama karibu na hapo, kwa hivyo ISO (vile kamera inakuza mwanga) inapanda 3200 na 80D kwa 3200 inaanza kutoa punje punje kama unga wa ugali. Nilipiga simba jike karibu na Hyena Dam, alikua amelala kwa nyasi anapiga miayo, nilipiga kama arobaini, nne ndio zimesimama. Lakini zile nne, aisee, unahesabu masharubu.

Na hapa ndio maharagwe yaliniokoa. Unazima injini kabisa (ikiwa inanguruma gari lote linatetemeka na lenzi nayo), unashusha kioo nusu, foronya inakaa juu ya kioo, lenzi inajichimbia shimo ndani ya maharagwe inatulia ti. Shemeji yangu ndio alikua dereva na alikua anaambiwa zima, washa, zima, washa, mpaka akasema yeye si swichi.

Picha yenye nilikua naitaka kwa miaka ni twiga na mji. Mmeziona, twiga mbele, maghorofa nyuma makubwa kama yako hapo geti. Mimi nilikua nadhani unasogea karibu na twiga. Kumbe ni kinyume, unarudi nyuma sana. Ukiwa karibu na twiga na lenzi fupi, twiga anakua mkubwa na mji unakua vijiti vya kiberiti kule mbali. Ukirudi mbali na twiga halafu ukamvuta na lenzi ndefu, twiga anajaa picha vilevile lakini mji nao umevutwa, Britam Tower yenye mita 200 inasimama nyuma ya shingo yake kama jirani yake. Si uchawi wa lenzi, ni pale umesimama, lenzi inakusaidia tu kukata kisehemu hicho. Tulirudi nyuma mara tatu, shemeji ananung'unika, mara ya tatu twiga wawili wakapishana shingo na ule ncha wa Britam ukaingia katikati. Nilipiga kwa 420 hivi. Hiyo iko kwa ukuta wa sebule sasa.

Nilijaribu pia treni ya SGR ikipita juu ya daraja na pundamilia chini. Treni ilikuja pundamilia wakaenda. Wacha tu.

Kufika saa tatu na nusu jua limechoma ardhi na hapo lenzi ndefu inakua bure. Kulikua na faru mbali kule, kwa macho unamuona poa, kwa picha ni kama amepigwa ndani ya sufuria ya maji inachemka. Ni hewa ya joto inapanda kutoka chini, na kadiri unavyovuta mbali ndio unaikusanya yote katikati yako na mnyama. Watu wengi hurudisha lenzi wakisema ina shida ya fokasi, dada alikua amenionya hii, alisema wateja wengi wa safari ya mchana hurudi na malalamiko hayo hayo. Kwa hivyo ukikodi kwa siku moja jua umekodi masaa matatu ya asubuhi na mawili ya jioni. Katikati kula, lala, nenda Ivory Burning Site usome yale mabango, ni hapo Rais Moi alichoma tani 12 za pembe 1989 na tena 2016 zikachomwa tani 105, jivu lake bado liko.

Jumapili Bissil. Safari ya barabara ya Namanga siielezi, ni lami na malori.

Tulifika boma kama saa kumi. Babu ya rafiki yangu amekaa kwa kigoda chini ya mgunga, shuka nyekundu, miwani ya kusoma imefungwa na uzi. Nikamwambia sopa, akajibu epa, halafu akaendelea na Kiswahili maana aliona Kimaa changu kimeishia hapo. Mimi kwa kiherehere nimetoka na ile kubwa shingoni. Akaiangalia. "Hiyo ni ya kupiga nini?" Picha, babu. "Kutoka wapi? Kutoka Namanga?" Wote wakacheka, na mimi nikarudi kwa gari polepole kuichukua ile ndogo ya bure.

Na 50 huezi kujificha. Lazima uende karibu, na ukienda karibu lazima uongee. Tuliongea karibu saa nzima kamera ikiwa kwa mapaja, kuhusu mvua, kuhusu bei ya ng'ombe, kuhusu kwa nini sijaoa. Nikamuuliza kama naeza mpiga. Akasema, "Piga ng'ombe kwanza. Mimi sitoroki." Ng'ombe wakaingia saa kumi na mbili kasoro, vumbi limepanda jua liko nyuma yake, kila kitu ni dhahabu, nikapiga kwa f/2.8 kijana mmoja akiwa ameinua fimbo. Halafu nikarudi kwa babu. Alivua miwani, akaivaa tena, akaniambia niache vile alivyo. Nilipiga mbili tu. Alitaka kuziona, akavuta skrini karibu na uso, akasema hiyo ya pili itumwe kwa binti yake kwa WhatsApp leo, si kesho, maana wageni wa kamera huenda na picha. Nilituma nikiwa bado kwa boma, mtandao ulikua na baa moja.

Sasa turudi dukani. Jumatatu dada hakuwepo, alikuwepo mwenyewe, mwenye duka. Akachukua lenzi, akaiangalia kwa taa, akaniambia filta ina mkwaruzo na ni elfu nane itoke kwa dipositi. Hiyo filta ni ya 95mm, kweli si ya bei ya mandazi, lakini mkwaruzo niliukuta. Nikatoa simu nikacheza ile video, sauti ya dada inasikika kabisa. Alitazama mpaka mwisho, akakohoa, akasema sawa. Hakusema pole. Halafu dipositi yenye dada aliniambia inarudi siku hiyo hiyo ilirudi Alhamisi usiku, baada ya simu sita, na kila simu naambiwa mhasibu ametoka kidogo. Mhasibu gani, duka lina watu wawili.

Ndio maana sitaji jina. Vifaa vyao ni visafi, betri ya ziada walinipa imejaa, begi halinuki, kofia ya mbele na ya nyuma zote zipo, na bei si mbaya. Yule dada anajua kazi kuliko watu wengi wenye wanajiita wataalamu, hizo picha mbili za babu ni zake kama ni zangu. Mwenye duka naye afundishwe kurudisha pesa ya watu. Nikitoa nyota ni nne kwa kaunta siku yuko dada, na mbili siku hayuko, jumlisheni wenyewe. Pigeni simu kwanza muulize nani yuko zamu.

Kama mnapanga kusafiri nayo kwa zile ndege ndogo za uwanja wa Wilson, pimeni begi mapema, mzigo wao ni kilo 15 na wanataka begi laini, na hii lenzi na bodi tu zinakula karibu tatu kabla hujaweka suruali. Droni msibebe kwa park bila kibali, watawatoa.

Nimeshaibuku tena ya mwezi ujao, nimeuliza na siku zake za zamu. Tatizo ni foronya. Yale maharagwe yalikua ya mama, aliyapika Jumanne na githeri na akapata ndani kifuniko cha lenzi chenye nilikua nimekitafuta gari nzima. Safari hii ameniambia nikanunue yangu.