Kukata video bila kupoteza ubora: uzoefu wangu na LosslessCut na Avidemux

Mimi hurekodi harusi na kicheni pati katika kumbi za Sinza na Mwenge, na sehemu kubwa ya kazi inayobaki baada ya sherehe haihitaji uhariri wa maana: ni kuondoa dakika ambazo kamera ilikuwa ikitazama sakafu na kumkatia mteja kipande anachokitaka. Hata hivyo, kwa muda mrefu nilitumia programu kubwa ya uhariri iliyorenda video nzima upya, yaani kuichakata na kuiandika yote tena, hata nilipoondoa dakika moja tu. Kompyuta yangu mpakato ni mtumba wa Kariakoo wenye RAM ya GB 4 na betri iliyokwisha kufa, kwa hiyo umeme ulipokatika usiku wa manane kazi yote ilianza upya, na hata ilipokamilika, mapambo ya ukumbi yalitoka yamefifia.

LosslessCut iliniondolea adha hiyo. Ni programu huria, ya bure, inayoitumia FFmpeg, zana ya kuchakata video na sauti, kunakili sehemu uliyoichagua kama ilivyo, bila kuirenda. Si ndogo kuipakua, kwani inazidi MB 100, lakini wepesi wake uko kwenye kazi: video ya saa moja hukatwa kwa muda unaolingana na kunakili faili tu.

Tatizo lake nililijua kwa aibu. Mteja aliniletea video ya hotuba ya mama yake, na kipande nilichomkatia kikaanza na sekunde kadhaa za MC akitania meza kuu. Sababu ni kwamba video za H.264, muundo wa kubana video unaotumika sana, huhifadhi picha kamili mara chache tu, yaani fremu kuu, na fremu nyingine huhifadhi mabadiliko pekee; ukikata bila kurenda, ni lazima uanzie kwenye fremu kuu. Video iliyorendwa kwa x264, programu inayotengeneza video za H.264, kwa mipangilio yake ya kawaida inaweza kupitisha fremu 250 kabla ya kufika fremu kuu nyingine, ambazo ni sekunde 10 ikiwa video ina fremu 25 kwa sekunde. LosslessCut ina njia ya kurenda eneo dogo tu la mkato, ila bado ni ya majaribio, nami siiamini kwa kazi ya kulipwa.

Mwanzo wa kipande unapokuwa nyeti, nahamia Avidemux, programu nyingine ya kukata video. Sura yake ni ya kizamani, lakini inaonyesha aina ya kila fremu, na mshale wa juu wa kibodi hukurusha moja kwa moja hadi fremu kuu inayofuata. Hakikisha tu kwamba picha na sauti zote zimewekwa kwenye "Copy", la sivyo itarenda.

Kuunganisha vipande vya kamera mbili zenye mipangilio tofauti hakuna hata moja kati ya programu hizi mbili inayoweza bila kurenda. Kazi hiyo bado naipeleka kwenye programu ile kubwa, na mteja namtoza gharama ya kukesha.