PhET na sanduku lililokataa kusimama

"Mwalimu, mbona halisimami?"

Swali lilitoka dawati la nyuma, na nilikuwa nimelisubiri kwa hamu. Ukutani, kwenye picha ya projekta, kijana wa kuchorwa alikuwa akisukuma sanduku la kilo 50 juu ya ubao wa magurudumu. Nilipoondoa kani, yaani nguvu ya kusukuma, kijana akabaki nyuma, sanduku likaendelea na safari kwa mwendo uleule.

PhET ni majaribio ya kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya Fizikia. Ni bure. Nilitumia lile la Forces and Motion: Basics kwa kidato cha pili, nikalipakua nyumbani kwa sababu shuleni hatuna intaneti.

Watoto wetu wanaweza kukariri sheria ya kwanza ya Newton neno kwa neno (kitu kinachotembea huendelea na mwendo uleule mpaka kani ikibadilishe), na bado moyoni wakaamini kwamba kitu husimama kwa sababu "nguvu imekwisha". Siwalaumu. Mkokoteni wa madumu ya maji husimama, mpira husimama. Ndiyo maana sikuwajibu. Nilihamia ukurasa wa msuguano nikaanza kuuongeza kutoka sifuri, kidogokidogo. Mshale ukachomoza ukielekea nyuma, sanduku likapunguza mwendo. Yule yule wa nyuma akasimama: "Kumbe sakafu ndiyo inayolizuia!" Kwa dakika hiyo moja ningelipia programu hii.

Sheria ya pili, ya kani, uzito wa kitu na mchapuko (kasi inavyoongezeka), nayo inakaa vizuri. Toa msuguano wote, sukuma sanduku kwa niutoni 100: mchapuko ni mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Weka friji ya kilo 200, kani ileile: 0.5. Waambie waandike makisio yao daftarini kabla hujabonyeza, maana wakishaona jibu hawafikiri tena.

Sheria ya tatu, kwamba kila kani ina kani pinzani iliyo sawa nayo, haimo kwenye jaribio hili. Mimi nilitumia puto lililobandikwa kwenye mrija wa soda, likateleza kwenye uzi wa kushonea kutoka dirishani hadi mlangoni: hewa inatoka nyuma, puto linakwenda mbele.

Tena, picha haina uzito mkononi. Kabla ya kuwasha projekta, waache wasukume dawati likiwa na mwenzao mmoja juu yake, kisha watatu. Omba vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana. Kimoja kitaishia sanduku likiwa bado linatembea.