Vikuba vya Alhamisi kwa shangazi: nilichopata kwa laki moja

Shangazi yangu wa Ngamiani, hapa Tanga, ana oveni ambayo haijatoka kwenye boksi tangu iletwe. Imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake imekaa redio. Ana watoto watatu, wawili wako Muscat na mmoja Dar, na hakuna anayekuja mikono mitupu. Kwa hiyo binti yake aliponirushia laki moja kwenye simu mwezi wa sita akasema, "Kaka, mtafutie mama kitu cha bethidei," nilikaa na ile hela siku nne sijui pa kuanzia.

Bethidei yenyewe ni ya kitambulisho: tarehe 1 Julai. Ukimuuliza yeye, atakwambia alizaliwa usiku, mvua za vuli zinanyesha, basi. Ila wajukuu wameshaishika Julai, na keki hakatai.

Mwaka juzi nilimpelekea doti ya kanga. Alinishukuru vizuri sana, kisha akafungua kabati akatoa nyingine, rangi ile ile, jina lile lile, hata haijakatwa. Akaziweka pamoja akafunga kabati.

Safari hii wazo alinipa mwenyewe bila kujua. Tulikuwa harusini, akapita mama mmoja kavaa kikuba, kile kishada kidogo cha maua na majani ya kunukia, kifuani, shangazi akageuza shingo mpaka nikaona aibu. "Nani huyu anashona hivi siku hizi?" Zamani alikuwa na mwasumini wake uani. Uling'olewa watoto walipomtilia vigae.

Nikaulizia Mgandini sokoni, nikaelekezwa kwa mama mmoja wa Makorora anayefanyia kazi nyumbani. Uani kwake mna ndoo za rangi zilizotoboka zimejaa mrehani, na mwasumini umepanda ukutani hadi kwenye bati. Nikamweleza: kila Alhamisi jioni, miezi mitatu, kikuba kimoja na koja moja la asumini. Tukapatana kikuba 3,000, koja 2,000, bodaboda 2,000. Alhamisi kumi na tatu, 91,000. (Elfu tisa iliyobaki sijairudisha, na binamu yangu hajauliza.) Alitaka zote mkononi, nikamlipa mwezi mwezi. Nakushauri nawe ufanye hivyo, utaona kwa nini.

Kwanza sifa zake, maana anazo. Asumini anaichuma alasiri ingali imefumba, nyeupe kama punje ya mchele, anaitunga kwa uzi hivyo hivyo. Ikifika kwa shangazi saa kumi na moja bado haisemi kitu. Baada ya magharibi ndiyo inaanza kufunguka, na hapo nyumba nzima inajua. Kikuba chenyewe ni mrehani, asumini, waridi likipatikana, langilangi, na kipande cha mkadi kwa ndani, vyote vimebanwa na kufungwa kidogo kuliko kiganja cha mtoto. Vinakuja kwenye jani la mgomba lililonyunyiziwa maji. Alhamisi ya kwanza shangazi alilifungua lile jani polepole, akakinusa, akakibandika kwa pini chini ya bega la kushoto, akaenda zake kutia udi kwenye chetezo. Kwangu hakurudi mpaka baada ya isha, na alikuwa amejipaka wanja.

Sasa malalamiko. Wiki ya pili dereva wa bodaboda alipitia kwanza kwa mteja wake wa samaki. Mfuko mmoja. Sina haja ya kueleza zaidi. Kikuba kilikwenda kwa kuku. Mama wa Makorora alikubali kosa na kushona kingine kesho yake bila kudai, lakini nauli ya pili nililipa mimi.

Wiki ya tano ndiyo iliniudhi. Julai na Agosti ni kipupwe, asumini hutoa kidogo, hilo alishaniambia. Asichoniambia ni kwamba zikipungua anachanganya na za jana, halafu anamwagia marashi ya chupa. Mimi nilinusa nikaona sawa. Shangazi alilisogeza koja puani mara moja tu, akalirudisha kwenye jani. "Mwanangu, asumini hii imelala." Nikapiga simu. Mama akabisha kidogo, nikamtajia nani aliyesema, akanyamaza. Akanipunguzia 2,000 kwenye malipo ya mwezi uliofuata. Ningependa aniambie mapema tu kwamba wiki hii hakuna, nipelekewe mrehani mtupu. Na wiki yenye harusi kubwa, wewe wa kikuba kimoja utangoja. Mara mbili kilifika isha imeshaadhiniwa.

Nilikuwa na hofu moja: kutoa kitu ambacho kesho yake kimenyauka. Waja leo waondoka leo, kama tunavyojisifu Tanga. Mwezi wa nane nikaenda kumchukulia shangazi miwani chumbani. Kwenye lile kabati la kanga, katikati ya zile doti mbili pacha, kulikuwa na vikuba vinne vikavu, vimepangwa kwa mstari, na kanga zote zinanukia mrehani.

Mkataba uliisha mwisho wa Septemba. Alhamisi iliyofuata sikuagiza. Jumamosi nikapokea ujumbe kutoka Makorora: kikuba kimoja, makoja mawili, bodaboda, jumla 9,000, ahsante. Nikadhani kakosea namba. Nilipompigia akaniambia shangazi wangu sasa anamwagiza mwenyewe moja kwa moja, amemwambia apunguze mkadi unampigisha chafya, na koja la pili ni la jirani yake. Na hesabu? "Kasema uletewe wewe."