Fomu ya mkataba wa kupanga ya steshenari: isome sentensi ya mwenye nyumba kuingia ndani

Ingia steshenari yoyote ya mtaani Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma, uombe "mkataba wa nyumba". Utapewa karatasi mbili au tatu za A4 zilizokwisha chapwa, zenye nukta nukta za kujaza jina la mpangishaji, jina la mpangaji, kodi na tarehe. Dalali anatembea nayo mkobani, na serikali ya mtaa wanayo mezani. Vyumba na nyumba nyingi za kupanga zinaendeshwa na karatasi hii. Kwa bei yake ndogo inafanya kazi kubwa, lakini ina kasoro moja nzito, nayo imejificha kwenye sentensi moja: ile inayoeleza mwenye nyumba anaingiaje ndani baada ya kukukabidhi funguo.

Kwenye pesa fomu iko vizuri. Ina nafasi ya kodi ya mwezi, idadi ya miezi iliyolipwa mbele, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kawaida sehemu ya kueleza nani analipa umeme, maji na taka. Chini kuna mistari ya mashahidi, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa akigonga muhuri wake unapata ushahidi mzuri kwamba mlikutana siku fulani mkakubaliana. Muhuri huo hauhalalishi sharti baya. Unathibitisha tu kwamba ulilisaini.

Kwenye kuingia ndani, fomu hizi zimegawanyika aina tatu, na inafaa ujue umeshika ipi kabla ya kutoa kalamu.

Aina ya kwanza, ambayo ndiyo mbaya, inaandika hivi au karibu na hivi: "Mwenye nyumba ana haki ya kukagua nyumba yake wakati wowote." Aina ya pili inasema mpangaji atamruhusu mwenye nyumba kukagua "kwa taarifa", bila kutaja taarifa ya muda gani wala inatolewaje. Aina ya tatu haisemi lolote kuhusu ukaguzi. Wengi wakiikuta hiyo ya tatu wanaona imepungukiwa. Sisi tunaiona ni salama kuliko ya kwanza, kwa sababu mkataba ukinyamaza, sheria inaijaza nafasi hiyo.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, Sura ya 113. Kifungu cha 88 kinaweka masharti yanayohesabiwa kuwemo ndani ya kila mkataba wa kupanga hata kama hayakuandikwa. La kwanza ni kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake atakaa kwa utulivu bila kubughudhiwa na mwenye nyumba wala mtu anayekuja kwa niaba yake. Kifungu hichohicho kinampa mwenye nyumba nguvu ya kuingia, yeye mwenyewe au wakala wake, kwa wakati unaofaa, akakague hali ya nyumba au afanye matengenezo yanayomhusu, bila kuvuruga makazi ya mpangaji isivyostahili. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 65, ina maneno yanayokaribia kufanana na hayo, kwa hiyo anayepanga Mombasa au Kisumu anaweza kuipima karatasi yake kwa kipimo hikihiki.

Haki ya kuingia ipo, basi, na mpangaji anayedhani mwenye nyumba hana ruhusa kabisa ya kukanyaga mlangoni anakosea. Haki hiyo ina mipaka miwili: saa na sababu. "Wakati unaofaa" na "wakati wowote" ni vitu viwili tofauti. Saa nne usiku si wakati unaofaa wa kukagua dari. Kuja kuona ni nani amelala kwako si ukaguzi wa hali ya nyumba. Ukiisaini aina ya kwanza umempa mwenzako hoja ya kusimama nayo barazani: "Alikubali mwenyewe, hii hapa sahihi yake."

Sheria haikutaja saa ngapi za taarifa, na hapo ndipo fomu ilipotakiwa kusaidia ikashindwa. Dawa yake ni kuandika namba. Maneno haya yanatosha, yaandikwe kwa mkono penye "Masharti mengine":

"Mpangishaji, au mtu aliyemtuma kwa jina, ataingia ndani kwa ukaguzi au matengenezo baada ya kumpa mpangaji taarifa ya saa 24 kwa ujumbe wa simu namba ........, kati ya saa 3 asubuhi na saa 12 jioni, mpangaji au mtu mzima aliyemteua akiwepo. Muda usipomfaa, mpangaji atataja muda mwingine ndani ya siku 2. Kwa dharura ya moto, maji yanayofurika, hitilafu ya umeme au gesi inayovuja, mpangishaji anaweza kuingia bila taarifa hiyo, akiwa na shahidi mmoja, na atampigia mpangaji palepale."

Kila kipande hapo kina kazi yake. "Kwa jina" inamzuia dalali au fundi asiyejulikana kuja na funguo akisema ametumwa na mama mwenye nyumba. "Ujumbe wa simu" unabaki na tarehe na saa, ilhali simu ya mdomo haiachi maneno. "Siku 2" zinamlinda mwenye nyumba dhidi ya mpangaji anayesema "wiki ijayo" kila wiki huku bomba likiozesha ukuta. Na orodha ya dharura lazima iwe fupi na ya kutajwa moja moja. Ukiandika "dharura" peke yake, kodi iliyochelewa nayo itaitwa dharura.

Jinsi ya kuandika ni muhimu kama kilichoandikwa. Sentensi mbaya ikate kwa mstari mmoja ulionyooka, ili maneno ya chini yabaki yanasomeka. Usipake rangi nyeupe ya kufutia, kwani hakuna atakayejua baadaye kilichofichwa chini yake. Pembeni ya mstari huo wote wawili mtie sahihi fupi na tarehe. Nafasi ikiwa haitoshi, andika nyuma ya karatasi, na mbele uweke "tazama nyuma", nako mtie sahihi. Nakala zote mbili zifanyiwe hivyo, na shahidi asaini mwisho kabisa, mambo yote yakiwa yameshaandikwa. Makosa yanayotokea sana ni mawili: kurekebisha nakala moja tu, na kutoa fotokopi kabla ya kurekebisha. Siku ya ugomvi zinatokea karatasi mbili zinazosema mambo tofauti, zote zina muhuri.

Fomu haigusi funguo za akiba, na hilo ni pengo kubwa. Mwenye nyumba wengi hubaki na funguo moja, na mpangaji wa zamani huenda alichonga nyingine. Uliza wazi: ziko ngapi, anazo nani? Kama kitasa ni cha silinda, ile inayochomolewa, huna haja ya kununua kitasa kizima. Fungua skrubu ndefu iliyo kwenye ubavu wa mlango, usawa wa tundu la funguo. Ingiza funguo, zungusha kidogo mpaka ulimi wa silinda ulingane na mwili wake, kisha ivute. Ipime kutoka kwenye tundu la skrubu kwenda kila upande, maana pande mbili zinaweza kutofautiana. Silinda ikizidi urefu inachomoza nje ya bati la kitasa na mwizi anapata pa kushika. Vitasa vya zamani vya funguo ndefu ya meno havina silinda hiyo, na hapo mara nyingi hubadilishwa kitasa chote.

Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa ujumbe kabla ya kubadilisha, tunza silinda ya zamani uirudishe siku ya kuhama, na kama anataka funguo ya akiba kwa ajili ya dharura, iwekwe kwenye bahasha iliyobandikwa na sahihi zenu zipite juu ya mdomo wake. Bahasha ikifunguliwa, itaonekana.

Kwenye nyumba ya vyumba vya uswahilini, mpaka ni mlango wa chumba chako. Ukumbi, ua, choo cha pamoja na bomba la uani ni sehemu za wote. Mwenye nyumba atapita hapo muda wake, naye ndiye mwenye wajibu wa kuzitunza pamoja na bati na kuta kuu. Kama mita ya umeme ya pamoja iko ndani ya chumba cha mtu mmoja, hilo lizungumzwe siku ya kwanza: inasomwa siku gani na saa ngapi.

Miezi ya mwisho ya mkataba ndiyo yenye usumbufu mwingi, kwa kuwa dalali anaanza kuleta wateja. Fomu haina hata neno moja hapo. Ongeza mstari: kuonyesha nyumba kunaanza siku 30 kabla ya mkataba kuisha, kwa taarifa ileile ya saa 24, na hakuna kupiga picha vitu vya mpangaji. Sharti hilihili lihusu wanunuzi kama nyumba inauzwa.

Kuna toleo la fomu lenye mstari kwamba kodi ikichelewa mwenye nyumba "atafunga nyumba" au "atatoa vyombo nje". Ukate. Kifungu cha 88 kinampa njia ya kutoa taarifa ya kusitisha mkataba kodi isipolipwa, na kumtoa mtu aliyegoma kunahitaji amri ya chombo cha sheria. Kupachika kufuli juu ya mlango wa mtu, kung'oa bati au kubadilisha kitasa akiwa kazini si ukaguzi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua kosa la kuingia kwa jinai kwenye mali iliyo mikononi mwa mwingine kwa nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi. Angalia maneno "mikononi mwa mwingine": hati ya nyumba inaweza kuwa na jina lake, huku chumba kikiwa mikononi mwako. Nayo Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maskani ya mtu bila kuuliza kama amejenga au amepanga.

Akiingia bila taarifa, mwandikie siku hiyohiyo, kwa adabu na kwa ufupi: tarehe, saa, nani aliingia, nani alishuhudia, na kipengele cha mkataba kilichovunjwa. Piga picha kilichosogezwa au kuharibiwa kabla ya kukirudisha mahali pake. Ikijirudia, peleka barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na ubaki na nakala iliyogongwa tarehe ya kupokelewa. Baraza la kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha tu na halitoi hukumu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kukiwa na wizi au vitisho, nenda polisi moja kwa moja.

Kabla ya kufika huko, hakikisha mkataba umelipiwa ushuru wa stempu kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Chumba cha 100,000 kwa mwezi ni 12,000. Mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu, na fomu ya steshenari haikukumbushi jambo hilo popote.

Nunua fomu, basi, lakini nunua nakala tatu: mbili za kusaini na moja ya kufanyia rasimu. Na kila mnapohuisha mkataba angalia tena, kwa sababu mwaka ukiisha dalali huleta karatasi mpya kutoka steshenari, na maneno yenu ya mkono yanabaki kwenye ile ya zamani. Chukua ya zamani, iweke pembeni ya mpya, na unakili kila mstari mlioongeza kabla hujasaini.