HandBrake: kazi inayoiweza, na kazi ya kuipa FFmpeg

TV ikitoa sauti bila picha, usikimbilie kulaumu flashi. Mara nyingi simu imerekodi kwa H.265, njia mpya ya kubana video, na TV yenyewe inaelewa H.264 tu, ile ya zamani. Kwa wanaohariri harusi na ibada hapa Nairobi, HandBrake, programu ya kubadilisha video, ndiyo dawa ya bure ya tatizo hilo, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

Fungua faili, chagua mpangilio wa Fast 1080p30, weka aina ya faili kuwa MP4, bonyeza Start. Hapo umeshapata H.264, na video ya 4K imeteremshwa hadi 1080p. Lakini usiishie hapo. Fungua sehemu ya Video. Namba ya RF, inayoamua ubora wa picha, mwanzoni huwa 22: ukiishusha, picha inakuwa safi zaidi na faili linanenepa. Kwa 1080p, 20 hadi 23 inatosha. Kwenda chini ya 18 ni kujaza diski bure. Simu hubadilisha kasi ya fremu inaporekodi, kwa hiyo kama video inaenda kuhaririwa, chagua Constant Framerate (kasi ya fremu isiyobadilika), la sivyo midomo na sauti zitaachana kadiri video inavyosonga. Fast 1080p30 pia hukata fremu 60 kwa sekunde kuwa 30. Kwa video ya densi hasara hiyo inaonekana, basi weka 60 mwenyewe.

Kubana video kwa kadi ya picha, yaani NVENC (Nvidia) au QSV (Intel), kuna kasi sana, ila kwa ubora uleule faili huwa kubwa kuliko la x264, njia ya kawaida ya HandBrake inayotumia prosesa. Mteja akisubiri mlangoni, utumie. Kazi ya kuhifadhi iache ikimbie usiku kwenye foleni.

Hapo usiku ndipo stima hupotea. MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni, hivyo kazi ikikatika katikati unabaki na faili lisilofunguka. MKV, aina nyingine ya faili la video, ikikatika kwa kawaida hucheza hadi pale ilipofika. Kama kompyuta haina betri wala UPS, tengeneza faili la MKV kwanza.

Udhaifu mkubwa wa HandBrake ni kwamba haijui kunakili picha: kila video huibana upya, hata pasipo haja. MKV na MP4 ni makasha tu ya kubebea picha na sauti. Bonyeza Ctrl+J ndani ya VLC uone kilichomo; ukikuta picha ya H.264 na sauti ya AAC, HandBrake itakupotezea muda na ubora. Tumia FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i ibada.mkv -c copy ibada.mp4

Kasi yake ni kama ya kunakili faili, na picha haiguswi. Kama sauti ni ya aina ya DTS na TV imenyamaza, andika -c:v copy -c:a aac mahali pa -c copy.

Flashi ya FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na ibada ya saa tatu hupita hapo kwa urahisi. Ukiifomati kwa exFAT, TV nyingi za zamani haziisomi. Panda hadi RF 24, au ugawe video vipande viwili kwa kuweka Range kwenye Seconds.

Pakua kutoka handbrake.fr pekee, na ulinganishe namba ya SHA256, inayothibitisha kuwa faili halijabadilishwa, na ile ya tovuti: Mei 2017 seva moja ya kupakulia ilidukuliwa, ikagawa kopi ya Mac yenye programu hasidi ya Proton. Kwenye Windows huenda isifunguke mpaka uweke .NET Desktop Runtime ya Microsoft.